Bastola ndogo ya mfukoni inapokwama: tafuta chanzo kabla hujaiamini

Malalamiko kuhusu bastola ndogo za mfukoni yanafanana hadi yanachosha. Mtu yuko Texas au Ohio, ananunua Ruger LCP, Kel-Tec P-3AT, Kahr P380 au Smith & Wesson Bodyguard, anaenda nayo uwanja wa shabaha, anapiga boksi moja, inakwama mara mbili tatu. Anakata shauri papo hapo: ama "hii takataka", ama "mpya hii, itazoea tu". Kauli zote mbili zimetoka mapema mno. Bastola ya namna hii haipimwi peke yake. Unachopima ni bastola, magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), aina ya risasi, mkono wako na mfuko unaoibebea, vyote kwa pamoja, na kimoja kikibadilika majibu ya jana hayana kazi.

Udogo wenyewe ndio unaoleta kadhia. Risasi ya .380, ile inayotumiwa na bastola hizi nne, iliyobuniwa na John Browning na kuingizwa sokoni na Colt mwaka 1908, ilianzia kwenye bastola ya chuma yenye uzito wa zaidi ya nusu kilo. Leo risasi hiyohiyo inapigwa kutoka kwenye LCP ya gramu 270 hivi. Slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kila risasi inapopigwa, ikiwa nyepesi inarudi nyuma kwa kasi kubwa. Ili kuizuia, kiwanda kinaweka springi ngumu. Na kwa sababu kila kitu kinakwenda mbio, springi ya magazini inapata muda mfupi sana wa kuinua risasi inayofuata. Bastola kubwa inavumilia uchafu kidogo, mshiko mlegevu kidogo, risasi hafifu kidogo. Hii ndogo haivumilii.

Kabla hujagusa chochote

Elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza, ndipo ukoki (uvute slaidi nyuma na kuiachia) mara kadhaa, ndipo uishike slaidi ikiwa wazi na uangalie chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa macho, kisha uipapase kwa ncha ya kidole kidogo. Ukikoki kwanza na magazini bado imo, unatupa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu unatoa magazini ukidhani umemaliza. Watu wamejijeruhi kwa kosa hilo. Risasi zote zihamie chumba kingine kabla hujafungua bastola mezani.

Pili, chukua daftari. Kila magazini iandike namba kwenye kitako. Rangi ya kucha inashika vizuri kuliko kalamu. Bastola ikikwama uwanjani, mtutu ukiwa bado unaelekea shabaha, usikimbilie kukoki. Tazama kwanza: ganda liko wapi? Risasi mpya imeelekea juu au chini? Slaidi imesimama wapi? Andika na namba ya magazini, aina ya risasi, na ilikuwa ya ngapi katika magazini. Anayekoki upesi anafuta ushahidi, halafu kesho anamwambia fundi "inakwamakwama tu", na fundi hana pa kuanzia.

Dalili: risasi haipandi kuingia chembani

Slaidi imesimama katikati, ncha ya risasi imegota kwenye mteremko wa chini ya mtutu, au imeinama kama inataka kurudi ndani ya magazini. Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, na vyanzo vyake ninavipanga hivi, kuanzia kile ninachokishuku kwanza.

*Mkono.* Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi haipati nguvu ya kufika mwisho wa safari yake. Inarudi mbele ikiwa imechelewa kuichukua risasi, au inaichukua nusunusu. Kipimo chake ni rahisi: mpe mtu mwenye mshiko imara bastola ileile, magazini ileile, risasi zilezile. Tatizo likitoweka, umepata jibu. Lakini hapa natofautiana na wale wanaofunga jalada kwa kusema "ni wewe, siyo bastola". Siku ya shari huenda ukaishika kwa mkono mmoja, huku umebeba mtoto au mkono mwingine umeumia. Bastola inayokubali mshiko mkamilifu peke yake haijafaulu kwako. Ipige kwa mkono wa kulia pekee, kisha wa kushoto pekee, na makosa ya hapo uyahesabu kama makosa mengine yoyote.

*Magazini.* Hapa daftari linalipa. Kama magazini namba 2 inakwamisha na namba 1 haikwamishi, usiifungue bastola hata kidogo. Ikiwa tupu, sukuma kwa kidole kile kibao kinachoinua risasi: kishuke na kupanda bila kusitasita. Tazama midomo yake kwa juu. Ikiwa umeshaidondosha kwenye sakafu ya saruji, mdomo mmoja unaweza kuwa umepinda kiasi usichokiona mpaka uilinganishe na nzima. Midomo haikunjwi kwa koleo. Nunua nyingine ya kiwanda kilekile kilichotengeneza bastola. Za bei chee za kampuni nyingine ndizo chanzo cha vilio vingi.

*Umbo la risasi.* Risasi za mazoezi zina kichwa cha mviringo na zinateleza. Za kujihami zina shimo pana mbele, na ukingo wa shimo lile unaweza kugota kwenye mteremko. Bastola mbili za aina moja, zimetoka kiwandani wiki moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Jaribu aina mbili au tatu, baki na inayopita. Angalia pia boksi lililoandikwa "+P", yaani risasi zilizoongezwa shinikizo: SAAMI, chombo kinachoweka viwango vya risasi Marekani, hakina kiwango cha +P kwa .380, kwa hiyo alama hiyo haina kipimo rasmi nyuma yake. Viwanda vingi vya bastola hizi havitaki utumie risasi hizo.

Kuna kipimo kizuri cha mezani. Bastola ikiwa tupu na imefunguliwa, toa mtutu, ushike wima tundu la chemba likiwa juu, dondosha risasi moja ndani. Inapaswa kuzama yenyewe na kutua kwa mlio mkavu wa "tak". Ukipindua mtutu, itoke kwa uzito wake. Ikisita au ikihitaji kusukumwa, risasi ni nene kupita kiasi au chemba ina uchafu. Safisha chemba, rudia. Ikiendelea kusita kwa risasi za viwanda viwili tofauti, chemba yenyewe ina walakini.

*Ukavu na upya.* Bastola nyingine hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, siyo ya kulainisha. Ioshe kabla ya kuipiga, tia tone kwenye reli za slaidi na juu ya mtutu. Na ni kweli kwamba nyingine zinahitaji kulainika: Kahr huwaambia wateja kabisa kwamba bastola isihesabiwe kuwa ya kutegemewa kabla ya kupigwa risasi 200. Kwa hiyo "itazoea" si upuuzi, ila ina kikomo. Kama makosa ya risasi ya 180 ni mengi kama ya risasi ya 20, haizoei kitu.

*Mteremko wa kulishia.* Ukihisi mkwaruzo kwa ukucha, ni halali kuushuku. Si halali kuushika na mashine ya kung'arishia ya mkononi. Pembe yake ikibadilika hairudi, na kiwanda kikiona kinafuta dhamana. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni.

Dalili: ganda limesimama wima mlangoni, pale kwenye slaidi linapotokea

Ganda tupu linabanwa na slaidi likiwa nusu limetoka, limesimama kama bomba la moshi. Chanzo cha kwanza ni kilekile, mkono. Cha pili ni risasi hafifu: boksi la bei rahisi lisilo na nguvu ya kurudisha slaidi yenye springi ngumu. Badilisha risasi kabla ya kubadilisha kingine.

Bado? Tazama kulabu, kile kijino kilicho ubavuni mwa slaidi kinachovuta ganda. Masizi ya baruti na vipande vya shaba hujazana chini yake. Mswaki wa zamani na kijiti cha meno vinatosha. Springi yake ikiwa imechoka, kulabu inalegea, na ganda linatupwa kizembe; utayaona maganda yanadondoka miguuni pako badala ya kuruka pembeni. Springi hiyo ni ya bei ndogo, ila kwenye baadhi ya bastola hizi kuitoa kunahitaji kung'oa pini iliyopigwa kwa nguvu. Kama hujawahi, mpelekee fundi.

Dalili: ganda limebaki chembani na risasi mpya imegonga nyuma yake

Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu anayebeba, kwa sababu haitatuki kwa kukoki tu. Inabidi uvute magazini kwa nguvu, ukoki mara mbili tatu mpaka chemba iwe tupu, ndipo uweke magazini upya. Jizoeze kwa risasi bandia mpaka mikono ijue njia.

Anza na chemba chafu. Kisha ukingo wa ganda: liokote ulitazame. Ukingo ukiwa umekwanyuliwa, kulabu inafanya kazi lakini ganda limeng'ang'ania. Ukiwa mzima, kulabu haikushika. Ukiona ganda limevimba au limepasuka ubavuni, acha kupiga siku hiyo. Hilo halitatuliwi kwa mswaki.

Dalili: unavuta, unasikia "ka", haijalia

Usiigeuzie uso wako wala usiifungue mara moja. Mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30. Mara chache sana baruti inachelewa kuwaka, na hutaki iwake ukiwa umeishika risasi kiganjani.

Baadaye itazame fataki, ile duara ndogo kwenye kitako cha risasi. Haina alama kabisa? Pini, ule msumari unaogonga fataki, haikufika, au chemba ilikuwa tupu kwa sababu magazini haikuingia sawasawa. Hili la pili ni la kila siku: kitufe cha kutolea magazini kimebonyezwa mfukoni, magazini imeshuka milimita chache, slaidi imepita juu ya risasi. Ina alama ndogo hafifu? Pini imegonga kwa unyonge. Ina alama nzito kabisa? Risasi yenyewe ni mbovu; jaribu boksi lingine.

Pigo la unyonge mara nyingi linatokana na mafuta. Watu wanamimina mafuta kwenye tundu la pini, yanaganda na vumbi na kuwa gundi. Tundu hilo linapaswa kuwa kavu. Sababu nyingine ni slaidi kutofunga hadi mwisho kwa uchafu. Springi ya nyundo iliyochoka inafuata kwa mbali.

Jua na bastola yako. Bodyguard 380 ya mwanzo, ya mwaka 2010, ukivuta tena inagonga tena. LCP ya kwanza haigongi mara ya pili, lazima ukoki. Mtu aliyezoea moja akibeba nyingine anavuta kifyatulio kilichokufa.

Dalili: imelia kwa sauti hafifu, haikupiga teke

SIMAMA. Usivute tena, hata kama bastola imejikoki yenyewe. Huenda baruti haikuwepo na kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata inaweza kuupasua mtutu ukiwa mkononi mwako. Toa magazini, toa kilichomo chembani, fungua bastola, utazame mtutu kutoka upande wa chemba dhidi ya mwanga. Ukiona giza, mwite msimamizi wa uwanja au upeleke kwa fundi. Mtutu ukiwa wazi, bado upapase kwa nje: ukihisi uvimbe kama pete, umekwisha kazi.

Dalili: slaidi haibaki wazi risasi zikiisha

Soma kijitabu kwanza. LCP ya mwanzo na P-3AT hazikuundwa kufanya hivyo. LCP II ya 2016 inabaki wazi. Kama yako inapaswa kubaki wazi na haibaki, angalia kidole gumba chako hakikikalii kile kishikizo kinachoizuia slaidi ikiwa wazi, kisha springi ya magazini.

Dalili: bastola ya .32 imefunga kabisa, risasi haziendi mbele wala nyuma

Kwa wenye Kel-Tec P-32 au Beretta Tomcat. Risasi ya .32 ina ukingo uliotokeza kidogo. Ukitumia risasi fupi za shimo mbele, zinapata nafasi ya kucheza ndani ya magazini, na ukingo wa ya juu unaingia nyuma ya ukingo wa ya chini. Zinashikana. Kukoki hakusaidii. Dawa ni risasi ndefu zaidi zenye kichwa cha mviringo, na kupanga kila ukingo uwe mbele ya ule ulio chini yake unapojaza. Sijui kwa nini maduka hayawaambii wanunuzi jambo hili.

Dalili: uwanjani safi, mfukoni inakataa

Pamba na nyuzi za mfuko ndizo mshitakiwa mkuu. Toa bastola iliyobebwa mwezi mzima, uishike chini ya taa: utaona manyoya ya kijivu yamekaa kwenye tundu la nyundo na mlangoni. Beba kwenye kifuko chake kinachofunika kifyatulio chote, na mfuko huo usibebe kingine: si funguo, si sarafu, si pipi. Funguo zinaweza kuingia kwenye kifyatulio. Pulizia vumbi na futa kila wiki.

Halafu kuna risasi inayoingizwa na kutolewa chembani kila jioni. Kila inapogonga mteremko, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogokidogo. Ilinganishe na mpya kutoka boksini kwa kuzisimamisha kando kwa kando juu ya meza. Ikiwa fupi kwa jicho tu, usiipige: nafasi ya baruti imepungua, shinikizo linapanda. Itenge.

Ni risasi ngapi ndipo uiamini?

Hapa wengi wanajidanganya kwa boksi moja. Kuna kanuni nyepesi ya takwimu: ukijaribu mara n bila kosa hata moja, chukua 3 ugawanye kwa n; hicho ndicho kiwango cha juu cha makosa ambacho bado hujakikanusha, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 50 safi: inaweza bado kukwama hadi mara 6 katika 100. Risasi 100: mara 3. Risasi 200: moja na nusu. Risasi 300: moja. Ndiyo maana 200 imekuwa desturi, na ndiyo maana nasema 200 ni kiwango cha chini, siyo cheti.

Zihesabiwe baada ya muda wa kulainika, na sehemu yake kubwa iwe risasi ileile utakayobeba. Ni ghali, najua. Boksi la 20 za kujihami mara nyingi lina bei ya boksi la 50 za mazoezi, au zaidi. Ukishindwa kuzimudu zote, piga angalau 50 za kujihami kupitia kila magazini utakayobeba, lakini usiite hizo uthibitisho. Ikikwama, badilisha kitu kimoja tu, kisha anza kuhesabu kutoka sifuri. Anayebadilisha springi, magazini na risasi kwa mpigo hatajua kilichomponya.

Acha kujitibu, piga simu

Bastola ikilia mara mbili kwa mvuto mmoja. Kifyatulio kisiporudi. Ufa popote, hasa kwenye slaidi karibu na mlango. Ikilia inapofungwa au inapodondoka. Kwa dalili hizi usipige "moja ya kuhakikisha".

Kabla ya yote, tafuta namba ya bastola yako kwenye tovuti ya kiwanda chini ya taarifa za kuitwa kwa marekebisho, hasa ikiwa umenunua iliyotumika. Oktoba 2008 Ruger waliziita LCP zenye namba zinazoanza na 370, kwa sababu ikianguka na risasi chembani iliweza kulia. Kiwanda kikiitaka yako, wapigie. Kwa kawaida watakutumia lebo na maelekezo ya kuisafirisha. Itume tupu, magazini zote ndani ya boksi, na nakala ya ukurasa wa daftari.

Neno kwa ndugu zetu walioko Marekani: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache; lakini mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Muulize wakili wa uhamiaji, siyo muuzaji. Kubeba kwa kuficha kunatofautiana kwa jimbo: Texas tangu Septemba 2021 haiwadai kibali wengi wenye miaka 21 na zaidi, New York inadai. Kwa mwenye leseni Kenya au Tanzania, vipimo vya hapo juu ni vilevile, ila matengenezo, risasi na namna ya kubeba vinafuata masharti ya leseni yake, na hilo linaulizwa kwa mamlaka iliyoitoa kabla bastola haijafika kwa fundi.